Mfarishi Utoke Sandukuni

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi, hapa kwetu Magomeni, Dar es Salaam, mbele ya mafundi cherehani wenzangu na akina mama wa mtaani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa ajili ya waliokosa nafasi.

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nashukuru kwa kualikwa. Mwenyekiti wetu ameniomba nizungumze juu ya kupamba nyumba kwa nguo tulizoachiwa na wazee, hasa zile za viraka ambazo wengi wetu tunazo chini ya kitanda na hatujui tuzifanyeje. Mimi ni fundi, huu mwaka wa 23 niko kwenye cherehani, na maneno yangu mengi yako mikononi. Kwa hiyo naomba niufungue mzigo huu kwanza.

Huu ni mfarishi, tandiko la viraka, aliushona bibi yangu, mzaa mama. Tazameni hapa pembeni: hiki ni kipande cha kanga, nyekundu yake imepauka mpaka inakaribia rangi ya zambarau bichi. Hiki ni kitenge. Hiki kaniki, na kaniki bado ni nyeusi kama juzi. Sasa hapa katikati, mama zangu mlioko mbele mtaona vizuri, kuna mfuko wa shati. Babu alifanya kazi bandarini, alikuwa na shati lake la mistari ya bluu. Lilipochanika mgongoni, bibi alikata kifua kizima akakitia kwenye mfarishi, mfuko ukiwa palepale. Usiku alitia asumini humo. Sisi wajukuu tuliolala naye tuligombania upande wa mfuko.

Nikiugeuza, nyuma ni marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho pwani hii ilikipa jina la nchi kilikotoka, tangu karne ya 19. Ndani hakuna pamba wala sufi, kuna blanketi jepesi lililokwisha. Matabaka matatu yameshikwa pamoja kwa bandi ya mkono, hatua moja moja, kila hatua ndogo kama punje ya mchele. Uso, kati, mgongo, na uzi unaopita katika yote matatu: hapo ndipo mfarishi unapokuwa mfarishi. Vipande vikiungwa bila matabaka na bila bandi, hilo ni shuka la viraka. Ni zuri, lakini ni kitu kingine.

Nimesema mfarishi. Vijana wanasema blanketi la viraka, na wauzaji wengine wanasema kwilti. Bibi alisema mfarishi, mifarishi, na neno liko kwenye kamusi zetu, linatokana na Kiarabu cha kutandika. Naomba tulitumie. Kitu kikikosa jina nyumbani, hakikai sana.

Bibi alipofariki, mfarishi huu ulikuja kwangu, na mimi nikafanya kile nilichoamini ndiyo heshima. Niliufua, nikaupiga pasi, nikaukunja mara nne, nikautia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga usiingie vumbi, nikauweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Masika tatu zikapita juu yake. Siku nilipoufungua, harufu ilinitangulia. Madoa ya ukungu, haya hapa, bado yapo, hayatoki. Vijidudu vile vyenye rangi ya fedha vilikuwa vimekula kingo. Na hapa, tazameni mstari huu unaokwenda moja kwa moja kutoka huku hadi huku: kitambaa kimekatika kama karatasi. Huo ni mkunjo wangu. Bibi aliutandika mfarishi huu zaidi ya miaka 20, tukaulalia, tukaumwagia uji, haukukatika. Mimi niliukata kwa kuufungia.

Mjini kwetu hewa ni mbichi mwaka mzima. Nailoni haizuii unyevu, inaufungia ndani pamoja na nguo. Bati linapoa usiku na kutoa jasho. Na mkunjo ukikaa mahali pamoja kwa miaka, nyuzi za pale zinachoka, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Niliyajua haya kwa gauni la mteja, sikuyafikiria kwa mfarishi wa bibi yangu.

Ndiyo sababu nimekuja. Nguo ya mzee ikifungiwa gizani hufa polepole, na hakuna anayejua. Ikitolewa ovyo, jua na mikono huimaliza haraka. Basi kabla hujaamua iende sebuleni au chumbani, kuna swali la kuiuliza, na nitalirudia mpaka mnikatishe: leo hii, nguo hii ina nguvu ya kubeba nini? Kama inaweza kulaliwa, ilaliwe. Kama haiwezi kulaliwa lakini inaweza kujibeba yenyewe, itundikwe. Kama hata kujibeba imeshindwa, ilazwe mahali itazamwe. Na kama vimebaki vipande, basi tuna sindano.

Jibu utalipata kwa macho na vidole. Iinue mbele ya dirisha asubuhi, usiishike kwa pembe, ipakate mikononi. Ukiona vitundu vya mwanga kama nyota katika kipande kimoja, kipande hicho kimechoka. Vuta mshono kidogo tu kwa vidole gumba viwili. Uzi ukilia, acha. Angalieni rangi moja moja, kwa sababu mfarishi hauzeeki wote kwa pamoja. Niliwahi kununua pale soko la Karume, kwenye belo la mashuka ya mitumba, mfarishi wa mkono wa muundo ambao Wamarekani wanaufananisha na kibanda cha magogo: kijiraba chekundu katikati, ndicho jiko la nyumba, na vipande virefu vinakizunguka kama magogo ya ukuta. Nyekundu ilikuwa nzima kabisa. Kahawia yote ilikuwa unga. Katika mifarishi ya kale ya Ulaya na Marekani ndivyo ilivyo mara nyingi, kwa kuwa wapiga rangi wa zamani walitumia chuma kushikiza kahawia na nyeusi, na chuma kinakula pamba taratibu hata baada ya miaka mia. Na kwa wale mnaotafuta kule Karume, geuzeni nyuma kabla ya kulipa. Bandi ya mkono haijawahi kulingana hatua zote. Na mingine si ya viraka kabisa, ni kitambaa kimoja kilichochapwa picha ya viraka.

Sasa niseme juu ya neno linalotuuma, kiraka. Wengi humu tulikwenda shule na kaptula au sketi yenye viraka, na tunakumbuka tulivyochekwa. Dada mmoja aliniambia hawezi kutundika mfarishi wa mama yake sebuleni kwa kuwa wageni watasema hawa walikuwa maskini. Ninamheshimu, na uchungu wake ninaujua. Lakini mama zangu, kanga yenyewe ilianza kwa kuungwa. Historia yake inavyosimuliwa, wanawake wa pwani katika karne ya 19 walinunua leso za Kireno zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora, sita kwa pamoja, wakazikata tatu tatu, wakaziunga tatu juu na tatu chini wakapata nguo moja kubwa. Baadaye wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Vazi tunalozalia, tunaloolewa nalo na kuzikwa nalo, lilizaliwa mikononi mwa wanawake waliokuwa na sindano na vipande sita.

Na hatuko peke yetu. Kule Alabama, Marekani, kuna kitongoji kiitwacho Gee's Bend, kimezungukwa na mto pande tatu, wanaishi wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wake walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizopauka magotini, ili watoto wasife kwa baridi ya vibanda. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitoa kwenye stempu. Suruali za shamba, zenye alama ya goti.

Lakini walionigusa zaidi wako karibu na sisi. Ng'ambo ya bahari hii hii, katika jimbo la Karnataka huko India, kuna watu waitwao Siddi. Wazee wao ni Waafrika, wengi walivushwa Bahari ya Hindi utumwani, wengine kupitia Goa wakati wa Wareno. Lugha wamebadilisha, dini wamegawana, lakini wanawake wao wanashona mfarishi wanaouita kawandi, kwa sari na nguo kuukuu. Mshonaji anaanza ukingoni. Anapachika kipande, anakipiga bandi, anakifuatisha kingine, anazunguka na kuzunguka mpaka anafika katikati. Kila anapopita anaacha mstari wa uzi, kama mawimbi yanavyoacha mistari mchangani. Akimaliza anatia pembe zote nne vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, vinaitwa phula, maua. Mfarishi usio na maua pembeni, kwao, uko uchi. Nilipoona picha ya zile pembe nilikaa kimya muda mrefu. Tangu siku ile kila mfarishi ninaoshona una maua manne.

Nije kwa mama yangu, na hapa naomba mnivumilie.

Mama alipofariki, baada ya arobaini tulikaa kugawana nguo zake kama ilivyo desturi. Tuko wanne. Kulikuwa na kanga 11. Ukigawa kanga, kila mtu anaondoka na mbili tatu, moja inakwenda Mwanza, moja Mtwara, moja inafungiwa, moja inavaliwa jikoni mpaka inaisha, na mama ametawanyika. Nikawaomba ndugu zangu waniachie zote kwa mwaka mmoja. Kaka yangu mkubwa hakupenda. Alisema mkasi usiguse nguo ya mama. Tulizungumza jioni mbili. Mwishoni alisema, basi usikate ya harusi.

Hakukosea. Tatu sikuzikata kabisa, na ya kwanza ni kisutu yake, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe aliyofungiwa siku ya ndoa. Kabla ya mkasi, jipeni siku nyingi. Kitambaa kilichokatwa hakirudi, na aliyefiwa hapaswi kukata katika wiki za kwanza.

Nilibaki na nane. Kanga nzima, ya mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, ukiikata miraba ya sentimita 20 inakupa miraba 35. Lakini hizi zilikuwa za mama aliyezivaa: hapa amekaa, hapa amebeba mtoto, hapa amefutia mikono. Kila kanga ilinipa miraba 20 mizima, mingine ikiwa imechoka. Ishirini kwa watoto wanne ni mitano mitano. Kanga nane mara mitano, kila mtoto anapata miraba 40 ya mama, kutoka katika kila kanga aliyoivaa. Nikaipanga ikipishana na miraba 40 ya marekani, ili jicho lipumzike, maana kanga na kanga zikikaa bega kwa bega zinapiga kelele. Ukitoa upana wa mishono, mfarishi ulitoka mita moja na sentimita 44 kwa mita moja na 80. Unatosha kitanda cha mtu mmoja, au ukuta wa sebule.

Miraba iliyochoka sikuitupa. Niliipa mgongo wa kitambaa chembamba kipya, nikafanya foronya za matakia madogo kwa ajili ya wajukuu.

Yakabaki majina. Kanga bila jina ni kitambaa tu, nyote mnajua, na sikutaka kuyakata maneno katikati. Niliyachanja mazima, vipande virefu vinane, kila mfarishi ukapata viwili, nikavishona nyuma. Mmoja unasema Hakuna kama mama. Mwingine Japo sipati tamaa sikati. Huyaoni mpaka uugeuze, na kila tunayemwonyesha anaugeuza.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuyaweka nyuma. Wapambaji wa nchi nyingine hawahitaji kuifikiria, sisi tunahitaji, kwa kuwa nguo zetu zinasema. Mteja wangu mmoja alitundika ukutani kanga ya marehemu dada yake, nzima, kwa mapenzi tu. Iliandikwa Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Mama mkwe akaja kutoka Tanga. Akasoma, akala kimya, kesho yake akaaga. Ilichukua miezi kumweleza kwamba ukuta haukuwa ukimsema yeye. Kwa hiyo kabla hujatundika, isome kama mgeni atakavyoisoma, halafu kama wifi, halafu kama jirani mliyekosana naye. Yenye upole, kama Sisi sote abiria dereva ni Mungu, ikae mlangoni. Yenye makali ipeleke chumbani, au igeuzie ndani.

Tuingie nyumbani sasa. Wengi tumepanga, chumba na sebule, na mwenye nyumba hataki kuona msumari. Habari njema ni kwamba mfarishi hautaki misumari. Ukiupigilia msumari kwenye pembe, uzito wote unaning'inia kwenye nyuzi mbili tatu, na baada ya mwezi pembe zimepasuka. Shona nyuma, upande wa juu, mfuko mrefu kama njia ya kamba ya suruali, upana wa sentimita 10, kwa mkono, uzi ushike mgongo na tabaka la kati bila kutokeza usoni. Pitisha humo bomba la pazia au ufito laini. Ndoano mbili tu zinatosha, na uzito unagawanyika upana mzima. Kati ya ufito na ukuta weka vijiti vya mbao vya sentimita mbili ili hewa ipite nyuma. Chagua ukuta wa ndani. Ule wa nje wakati wa masika unalowa, na ukungu unahamia kwenye nguo. Na usitundike mkabala na dirisha la magharibi. Jua la saa kumi la mji huu linakula rangi kwa miezi michache, na rangi iliyoliwa hairudishwi na fundi yeyote. Hata kwenye kivuli, uutundike miezi mitatu minne, kisha uupumzishe, weka mwingine. Sebule nayo itapata sura mpya bila kununua kitu.

Udi msifukizie chini yake. Najua tunapenda. Moshi una mafuta, mafuta yanashika vumbi.

Kitandani ndiko nyumbani kwa mfarishi, kama bado una nguvu. Watu wananiambia Dar ni joto, mfarishi wa nini? Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, alfajiri mnavuta shuka mpaka shingoni, na wenye viyoyozi wanatetemeka mwaka mzima. Miezi mingine ukunje kwa urefu, uulaze miguuni pa kitanda juu ya shuka jeupe. Shuka liwe jeupe kweli au la rangi moja, maua juu ya viraka hayaelewani. Mwenye kitanda cha besera amepata bahati, chandarua cheupe juu na mfarishi miguuni, huhitaji pambo lingine chumba kizima. Na kama unashona mpya kwa ajili ya hali yetu ya hewa, usitie pamba nene wala sufi. Sufi ikilowa inajikusanya madonge. Ndani weka marekani moja au shuka kuukuu, basi.

Kwenye kochi nina neno moja. Msiutandaze mfarishi wa mzee pale kichwa kinapoegemea. Mafuta ya nywele hayatoki kwenye pamba kuukuu. Mama zetu walilijua hilo, ndiyo maana walifuma vile vitambaa vyeupe vya makochi, vilikuwa vinalinda mgongo wa kochi. Rudisheni vitambaa hivyo, vikae juu, na mfarishi ukae kwenye mkono wa kochi ambao watu hawaushiki sana.

Na ule usioweza kujibeba, kama wa bibi? Huu sasa siutundiki tena. Nimeupa mgongo mpya, pale palipokatika nimefunika kwa neti nyembamba ya shela, rangi inayofanana, unaona kwa chini lakini vidole havifiki. Nilichotaka kukaa nacho ukutani ni ile sehemu ya mfuko, na sikuikata. Badala yake nilichukua kipande kilichokwisha kudondoka chenyewe pembeni, nikaenda kwa mafundi seremala wa Keko, wakanitengenezea fremu ya mninga yenye kina. Ulizeni hivyo, fremu yenye kina, kioo kisiguse nguo, kwa sababu kioo kinatoa jasho. Na nyuma, kati ya mbao na nguo, weka pamba nyeupe iliyofuliwa. Mbao zina asidi, zinaacha doa la kahawia.

Kufua. Hapa nina kidonda, kuna mfarishi wa mteja niliupeleka mahali ukarudi umechujuka wote, nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Kwanza lowesha pamba nyeupe, igandamize juu ya kila rangi dakika chache. Ikiondoka na rangi, usifue. Kung'uta vumbi taratibu na uache. Msiamini chumvi wala siki, haviaminiki kuizuia rangi ya kiwandani kuchuja. Kama rangi imeshika, laza chandarua kuukuu kwenye beseni kubwa, juu yake mfarishi, maji ya baridi, sabuni laini kidogo, jiki hapana kabisa. Gandamiza kwa viganja, usisugue wala kukamua. Ukimaliza unainua chandarua, huushiki mfarishi wenyewe, maana ukilowa unakuwa mzito kama mtoto aliyelala na nyuzi zake haziwezi kuubeba. Anika kwenye mkeka, kivulini, feni ikipuliza. Kamba ya nguo hapana.

Unaopumzika usirudi kwenye nailoni. Uvingirishe kwenye bomba lililofungwa kitambaa cha pamba, au ukunje huku umetia shuka lililovingirishwa ndani ya kila mkunjo ili mkunjo usiwe mkali, kisha foronya kubwa ya pamba. Masika ikikaribia ufungue, uupunge hewa, ukunje mahali pengine. Vuli ikikaribia, hivyo hivyo. Bibi alitia karafuu. Tieni, ila ziwe ndani ya kimfuko mbali na nguo, mafuta yake yanaacha doa.

Na jambo ambalo ningewaomba mlifanye hata kama mengine yote mtayasahau. Mwaka 1891, katika jimbo la Georgia, Marekani, mwanamke aliyezaliwa utumwani, Harriet Powers, aliuza mfarishi wake kwa sababu ya shida. Alilipwa dola tano. Alikuwa ameshona hadithi za Biblia, kila mraba na hadithi yake. Mnunuzi, mwalimu wa sanaa aliyeitwa Jennie Smith, alimwomba aeleze kila picha, akaandika. Powers alirudi mara kadhaa nyumbani kwa mnunuzi kuutazama tu mfarishi wake. Leo uko katika makumbusho ya Smithsonian, na tunajua yule ni Hawa, yule ni Yakobo, kwa kuwa mtu mmoja aliuliza na akaandika. Sasa mwulize mama yako hiki ni kipande cha gauni gani. Ulizeni wiki hii. Chukua kipande cha marekani, andika kwa uzi au kalamu isiyofutika: nani ameshona, wapi, mwaka gani, shati hili lilikuwa la nani. Shona nyuma. Mfuko huu wa babu usingekuwa na maana kwa mjukuu wangu kama nisingeandika asumini.

Nimewachosha. Mifarishi mitatu ya mama imeshakwenda kwa wenyewe. Wa nne ni wa kaka yangu, yule aliyekataa mkasi, na ndio huu hapa mwishoni mwa meza. Umebaki bandi ya katikati na ua la pembe ya nne. Nimekuja na sindano 12 na nyuzi zimeshatungwa. Maji ya kunawa yako pale mlangoni. Mama zangu wenye macho mazuri kaeni upande wa dirisha.